Stendi ya Mia Nane

Mwaka jana, mwezi wa tano, nililipwa shilingi 1,400 kuandika makala kuhusu stendi kumi bora za baiskeli. Mteja alikuwa ng'ambo. Nadhani ni Marekani, maana alitaka vipimo vyote kwa inchi na alitaja gereji karibu kila sentensi: weka stendi kwenye gereji, pima nafasi kati ya stendi na gari lako. Nilikuwa sijawahi kugusa hata moja kati ya hizo stendi kumi. Lakini hiyo ndiyo kazi yangu. Naandika kuhusu magodoro nisiyoyalalia, blenda nisizozitumia na mahema ambayo hata sijui hufungwa vipi. Nasoma maoni ya wanunuzi, naokota yanayofanana, naandika kurasa nne kwa mia tatu hamsini kila ukurasa, na natuma kabla ya saa sita usiku. Wiki moja baadaye makala inatokea kwenye tovuti fulani pamoja na picha ya mzungu mwenye ndevu, mwenye uzoefu wa miaka ishirini ya kupanda milima kwa baiskeli. Huyo mzungu ni mimi.

Usiku nilipotuma ile makala, baiskeli yangu mwenyewe ilikuwa imeegemea kitanda. Kwenye aya ya pili nilikuwa nimewaonya watu wenye magereji kwamba baiskeli isiyo na stendi ni lazima itaanguka, swali ni lini tu. Nikafunga laptopu, nikaiweka sakafuni karibu na soketi ili ipate chaji, nikalala.

Ilianguka saa tisa usiku.

Sijui ni nini kiliisukuma. Labda niligeuka nikagonga usukani, labda gurudumu la mbele lilijizungusha lenyewe, kama kawaida yake. Kilichonigutusha si kelele ya chuma. Kilikuwa kitu kidogo tu, kama mtu anavunja biskuti gizani. Nikawasha taa. Pedali ilikuwa imekaa juu ya laptopu kama mguu wa mtu. Nilipoifungua, kioo kilikuwa na mistari ya rangi ya zambarau kutoka kona hadi kona, na katikati doa jeusi lililokuwa likipanuka polepole kama wino kwenye tishu.

Nilikaa kitandani nikaliangalia lile doa mpaka adhana ya alfajiri. Mtu mwingine angewaza pesa za kioo. Mimi pia niliwaza pesa, lakini nyingine kabisa, na hizo nitazifikia.

Kwanza nieleze keja. Naishi Zimmerman, ghorofa ya nne, bedsita ambayo ukisimama katikati unaweza kugusa jiko kwa mkono mmoja na mlango wa choo kwa mwingine. Kuna kitanda, meza ya plastiki, ndoo tatu za maji kwa sababu ya mgao, na baiskeli. Baiskeli ndiyo kubwa kuliko vyote. Niliinunua kwa muuzaji wa mitumba kando ya barabara kwa shilingi 9,500, baada ya kupiga hesabu na kuona kwamba nauli inakula karibu robo ya ninachopata. Ni ya milimani, magurudumu ya inchi 26, fremu ya chuma kizito, breki za mpira wa kubana rimu. Kuiacha chini kwenye maegesho hakufikiriki. Mpangaji wa ghorofa ya pili aliiacha yake hapo na mnyororo na kufuli. Asubuhi alikuta kufuli na mnyororo.

Kwa hivyo naibeba ngazi nne, kila siku. Ukiibeba baiskeli hivyo unaijua uzito wake, unajua pia kila uchafu iliokanyaga, kwa sababu unaishia kwenye bega la shati lako.

Zile baiskeli zilizotumika Ulaya zikija huku, nyingi haziji na stendi. Hazina hata ule mguu mmoja wa pembeni. Ni kama waliozitengeneza walijua kila mwenye nayo ana gereji. Kioo cha laptopu kilinigharimu 5,500, na nilikopa 3,000 ya hizo kwa rafiki. Nilibaki na kama mia tisa za kutatua shida yenyewe. Nikafungua makala yangu mwenyewe, ile ya mzungu mwenye ndevu, nikaisoma kama mtu anayetafuta msaada kweli.

Haikunisaidia. Ilikuwa imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuangukiwa na baiskeli.

Nikaanza upya, safari hii kwa ajili yangu. Wacha nikupe nilichopata, kwa sababu najua wengi wenu mnaishi na baiskeli ndani ya nyumba na mnajifanya haiwasumbui.

Njia ya kwanza ni ya bure: pindua baiskeli juu chini, isimame kwa kiti na usukani. Nilifanya hivyo miezi mingi. Kiti kinachubuka, vifaa vya kubadilisha gia vinasugua sakafu, na ukisafisha, maji machafu yanashukia kule usikotaka. Isitoshe, huwezi kuilaza usiku ikiwa imeinua miguu hivyo chumbani. Ukiamka kwenda chooni utaitisha ambulensi.

Ya pili ni ndoano ya ukutani. Hii ni nzuri, haili sakafu hata kidogo. Nilimuuliza keateka. Alinitazama kama nimemwomba figo. "Siste, ukitoboa huo ukuta, dipositi sahau." Nikasahau ukuta.

Ya tatu ni zile stendi za mabomba unazosukumia gurudumu katikati, kama zilizo nje ya maduka makubwa. Jamaa wa Umoja alikuwa anauza moja ya mitumba kwa 1,200. Nikaenda na futi ya cherehani mfukoni. Yake ilitengenezwa kwa matairi membamba ya baiskeli za barabarani, na langu ni pana, inchi mbili na nukta moja. Liliingia kwa kusukumwa, likakwama. Tatizo lingine nililiona palepale: baiskeli ikiinama upande, uzito wote unashikwa na spoku. Ukiwa na breki za diski ni mbaya zaidi, kwa sababu bomba linaweza kugonga diski na kuipinda. Na gurudumu likibanwa hivyo haliwezi kuzunguka, kwa hivyo kusafisha cheni bado ni kazi ya kusukuma baiskeli mbele, nyuma, mbele, nyuma. Hiyo ni stendi ya kuegesha tu. Nilimshukuru jamaa, nikarudi na mia tisa yangu.

Ya nne inasimamisha baiskeli wima kwa gurudumu la nyuma, kama farasi anayeogopa nyoka. Inaokoa nafasi sana. Bei yake ilinifanya nifunge ukurasa kwa heshima.

Ya tano ni ya mafundi wenyewe: mguu mrefu wenye mkono unaobana ile nguzo ya kiti, na baiskeli yote inaning'inia mbele ya kifua chako. Hakuna kitu kizuri kama hicho kwa kusafisha. Unafika kila mahali bila kuinama. Lakini rahisi kabisa niliyoipata ilikuwa zaidi ya elfu tisa, karibu bei ya baiskeli yenyewe. Na kama unayo hela, sikia hili kutoka kwangu: bana nguzo ya kiti, usibane bomba la fremu. Mabomba mengi ya baiskeli za kisasa ni membamba kuliko yanavyoonekana, na yakibonyea yamebonyea.

Ya sita ilikuwa namba saba kwenye makala yangu. Niliipa sentensi nne tu, kwa sababu mteja alisema ni ya bei ya chini na haileti faida. Ni chuma kilichokunjwa, miguu chini, mikono miwili juu inayoshika ekseli ya gurudumu la nyuma, mmoja kila upande. Ukiipachika, gurudumu linainuka vidole kadhaa kutoka sakafuni. Baiskeli inasimama yenyewe, na unaweza kuzungusha pedali kwa mkono huku cheni ikipita mbele yako, pingili kwa pingili. Kuhifadhi na kusafisha, kitu kimoja. Mtandaoni ilikuwa 2,300, na kuletewa ni pesa nyingine.

Niliikuza picha kwenye simu. Kitu fulani kilikuwa kinanisumbua, kama sura ya mtu unayemjua aliyevaa nguo za kigeni. Kisha nikacheka peke yangu. Ilikuwa stendi ya Mamba.

Kama umekulia Magharibi unaijua Black Mamba. Kama umekulia Nairobi pengine umeiona ikibeba mikate au mitungi ya maji: nyeusi, nzito, haina gia, ina keria kubwa nyuma kama kitanda cha mtoto. Nyuma ina stendi ya miguu miwili. Unaikanyaga chini kwa mguu, unashika keria, unavuta nyuma kwa nguvu, na baiskeli inapanda juu ya miguu yake kwa mlio mmoja: tak. Gurudumu la nyuma linabaki hewani.

Baba yangu alikuwa bodaboda wa baiskeli. Nyumbani ni Busia, na watu wa Busia hawachoki kukukumbusha kwamba bodaboda ilizaliwa pale mpakani. Watu walibebwa kwa baiskeli kutoka upande wa Kenya hadi upande wa Uganda, "border" hadi "border", mpaka jina likabaki. Keria ya Baba ilikuwa na mto wa sponji uliovishwa kitambaa chekundu chenye nyuzi za dhahabu zinazoning'inia. Abiria walikaa juu ya mto huo kama wafalme, na Baba alitoa jasho mbele yao. Miaka ya 2000 ikielekea mwisho, serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, wenzake walihamia pikipiki mmoja baada ya mwingine. Baba hakuhama. Alisema deni la pikipiki lina kasi kuliko pikipiki. Akaanza kubeba mizigo badala ya watu: mikate alfajiri, mahindi mchana, mitungi jioni.

Kila jioni aliporudi aliipandisha Mamba kwenye stendi nje ya jikoni. Tak. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha pedali. Nilichuchumaa upande wa cheni nikaizungusha polepole, naye alishika kitambaa kilicholowa mafuta taa na kukiacha cheni ipite ndani ya ngumi yake. Hakuongea sana wakati huo. Nikizungusha haraka alisema tu, "Pole pole, mama." Nina jina la mama yake mzazi, kwa hivyo tangu nizaliwe mimi ni mama kwake. Jina langu lenyewe alilitumia siku za makosa tu.

Sasa zile pesa.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, muhula wa pili, nilikuwa na deni la karo la shilingi 61,000 na bila kulipa hakuna kadi ya mtihani. Nilimpigia Baba. Baada ya wiki mbili alituma 25,000. Alikuwa ameuza ng'ombe, mtamba ambaye ndio kwanza alikuwa amepata mimba. Nilizikodolea macho zile pesa kwenye simu siku tatu. Hazikutosha. Ofisini niliambiwa nilipe zote au nirudi muhula ujao, na muhula ujao ungekuja na karo yake. Tayari nilikuwa nikiandika makala za watu kwa kuazima kompyuta ya rafiki. Siku ya nne nilienda mjini nikanunua laptopu ya mitumba kwa 22,000.

Nilijiambia nitaandika, nitalipa, nitarudi. Huo ulikuwa mpango wa kweli, nilikuwa hata nimeuandika kwenye daftari. Sikurudi. Na kwa mwaka mmoja na nusu Baba alipouliza, nilisema tuko kwenye mitihani, tuko kwenye atachimenti, wahadhiri wamegoma. Alituma elfu nne mara moja, na elfu tatu mara nyingine. Nikazipokea. Zilikuwa kodi.

Desemba niliporudi nyumbani nilimwambia. Nilichagua wakati ambao mikono yake ina kazi, kwa sababu niliogopa kuiona bila kazi. Alikuwa anaziba pancha. Nilisema yote: laptopu, ng'ombe, elfu nne, elfu tatu. Hakuinua kichwa. Aliikwangua tyubu, akaipaka gundi, akangoja ikauke, akabandika kiraka, akakibonyeza kwa dole gumba. Kisha akaipeleka tyubu kwenye karai la maji na kuikagua kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, akitafuta mapovu. Hayakuwapo. Akainuka akaenda kulala, saa kumi na mbili jioni.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Tangu siku ile, nikipiga simu, Mama ndiye aliyeshika. "Baba yako anasalimia," alisema kila mara, na kwa jinsi alivyolisema nilijua Baba hajasema lolote.

Kwa hivyo usiku ule nilipoona pedali juu ya laptopu, sikuona laptopu. Niliona ng'ombe.

Wiki iliyofuata nilienda Kariobangi, kule kwenye mafundi wa kuchomelea, nikiwa na picha ya stendi kwenye simu. Fundi niliyempata alikuwa akitengeneza geti. Aliiangalia picha akiwa amepandisha miwani yake nyeusi kwenye paji la uso.

"Hii ni ya nini?"

"Ya baiskeli. Inashika hapa kwa ekseli, hivi na hivi."

"Elfu moja mia tano."

"Boss, na hivi ni vipande tu? Niwekee vile vinabaki kwa geti."

Tulivutana mpaka mia nane, yeye atoe vyuma na rangi. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna maoni ya mnunuzi yeyote yaliyonitayarisha kulijibu: "Haya, urefu ngapi? Upana huku juu? Miguu ipanuke kiasi gani ndio isianguke?" Akachukua chaki akanipa, kana kwamba mimi ndiye fundi. "Nichoree hapa chini."

Nilisimama na chaki mkononi. Kumi bora, na sikujua kuchora hata moja.

Nilitoka nje nikampigia Mama. Nikamwambia nataka kuongea na Baba. Kimya. Nikasema haraka, "Ni kuhusu stendi. Stendi ya Mamba. Nataka kujua vipimo." Nilisikia mkono ukifunika simu, sauti mbili kwa mbali, kuku. Halafu pumzi ambayo niliijua.

"Stendi gani?"

Sikuwa nimesikia sauti yake kwa miezi sita. Nilimweleza kama mtu anayesoma tangazo. Nina baiskeli. Ni ya inchi 26. Haina stendi, imeanguka, imevunja kitu. Sikusema ni kitu gani. Nataka kuchomelewa ya kuweka sakafuni, inayoinua gurudumu la nyuma kama ya Mamba.

Alinyamaza. Nikafikiri amekata.

"Ya Mamba imefungwa kwa baiskeli," alisema mwishowe. "Miguu ikishuka inapita wima kidogo, inaelekea mbele. Hapo uzito wa baiskeli wenyewe ndio unaifunga. Yako haijafungwa. Ukiiga hiyo itaanguka."

"Sasa nifanyeje?"

"Weka miguu mine. Miwili mbele ya ekseli, miwili nyuma. Chini iwe pana kuliko juu, mara tatu. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi chini, halafu ongeza vidole viwili. Usiongeze vitatu. Ukiinua sana inalalia mbele."

"Na pale juu?"

"Pale juu pawe kama kikombe. Kiwe na kina, ekseli isiruke. Uvishe mpira wa tyubu, isikwaruze. Na chini pia uweke mpira. Nyumba yako ni ya simiti?"

"Ni tailizi."

"Basi bila mpira itateleza." Akanyamaza tena. "Gurudumu la mbele ulifunge kwa fremu na kipande cha mpira. Hilo ndilo huwa linageuka usiku, linaangusha baiskeli."

Nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya Kariobangi, malori yakipita, na nilikuwa nikiandika haya yote kwenye mkono wangu kwa chaki, kwa sababu kalamu sikuwa nayo.

"Hiyo baiskeli unaendesha wapi?" aliuliza.

"Kila mahali. Mjini. Leo nimekuja nayo hapa."

"Kwa barabara ya magari?"

"Thika Road kuna njia ya pembeni, Baba. Huku kwingine naenda polepole."

"Mm."

Nilingoja. Nilikuwa tayari kwa lolote: chuo, ng'ombe, jina langu kamili. Nilisikia akikohoa, akitema mate pembeni.

"Haya, mama," alisema. "Usimlipe yote kabla hujaijaribu."

Akampa Mama simu.

Niliporudi ndani fundi aliniangalia akashusha macho, akajifanya anatafuta kitu kwenye rundo la vyuma. Nilipima baiskeli pale pale. Kutoka ekseli hadi chini ilikuwa sentimita 33, na vidole vyangu viwili ni kama tatu, kwa hivyo 36. Upana wa juu tulipima kwa ekseli yenyewe, tukaacha nafasi ya ile kabari ya kufungulia gurudumu upande wa kushoto na ile mashine ya gia upande wa kulia. Hapo ndipo watu wengi hukosea, fundi alisema, kana kwamba amezitengeneza mia. Miguu minne, chini pana mara tatu. Nikachora. Alikata, akanionya nisiangalie moto, akachomelea. Saa moja unusu. Rangi nyeusi, koti moja, ikiwa bado mbichi. Tuliipachika baiskeli. Ilisimama. Fundi aliisukuma kwa kidole, kisha kwa kiganja, kisha akaitingisha kweli. Ilisimama. Nikamlipa mia nane.

Kuibeba nyumbani ilikuwa sarakasi nyingine. Niliifunga mgongoni kwa mpira, nikarudi mdogo mdogo nikionekana kama mtu aliyeiba kiti cha kanisa.

Jumapili niliisafisha baiskeli kwa mara ya kwanza vizuri. Maji yalikuwa hayajaja, kwa hivyo ndoo moja tu. Kama na wewe unasafishia kwa ndoo, mpangilio ni huu. Anza na cheni wakati baiskeli bado kavu: mafuta taa kidogo kwenye mkebe, mswaki wa zamani, zungusha pedali kinyumenyume, sugua mpaka povu jeusi liishe. Tandika karatasi chini, la sivyo keateka atapata hoja mpya. Kisha sabuni ya vyombo kwenye maji, sifongo moja ya fremu na nyingine ya magurudumu, usizichanganye. Usimwage maji kwa nguvu kwenye ekseli, yanaingia kwenye gololi na kutoa grisi. Kausha kwa shati kuukuu. Mwisho, mafuta: tone moja kwa kila pingili, mimi natumia ya cherehani, zungusha mara kadhaa yaingie, kisha futa yote yaliyo nje, kabisa, kwa sababu mafuta ya nje hayalainishi kitu, yanakusanya vumbi tu. Na yasiguse rimu. Kama breki zako zinabana rimu kama zangu, tone moja hapo ni hospitali.

Kazi hiyo ina mikono miwili tu, na kwa kawaida huwa inataka mitatu: mmoja wa pedali, mmoja wa kitambaa, mmoja wa kushika baiskeli isianguke. Huo wa tatu sasa ni wa chuma. Nilichuchumaa upande wa cheni. Nilizungusha kwa mkono wa kushoto na kufunga kitambaa kwa ngumi ya kulia, cheni ikapita. Nilijikuta naenda haraka. Nikapunguza.

Jioni nilipiga picha tatu, baiskeli ikiwa imesimama kati ya kitanda na ndoo, gurudumu la mbele limefungwa kwa fremu na kipande cha mpira. Nilizituma kwa simu ya Mama, kwa sababu Baba ana kabambe na hataki kusikia mambo ya simu ya kugusa. Sikuandika maneno yoyote chini yake. Laptopu ilikuwa mezani, juu, mbali na pedali, na nilikuwa na makala ya kuwasilisha usiku ule kuhusu vikaangio visivyotumia mafuta.

Baada ya nusu saa ulikuja ujumbe wa sauti, sekunde kumi na tisa. Kwanza ni Mama: "Baba yako ameziona. Anasema..." Halafu simu inasogezwa, na kwa mbali unamsikia yeye mwenyewe, akiongea kwa nguvu kama anavyofanya mtu asiyeiamini simu: "Mwambie miguu ya nyuma ni mifupi. Na hiyo rangi ni koti moja, itashika kutu. Desemba aje nayo nione."

Nimeusikiliza mara nyingi. Jumatatu nilirudi Kariobangi, na fundi akaniongezea sentimita nne nyuma, na koti la pili. Alitaka mia mbili. Nilimlipa baada ya kuijaribu.